Kuongoza Timu ya Kazi: Mwongozo Kamili kwa Msimamizi Mpya

Ukitaka kujua kama timu ina kiongozi mzuri, usimuulize kiongozi mwenyewe. Muulize askari wa usiku: paa likianza kuvuja saa nane za usiku, unampigia nani simu? Akijibu kwamba anamwamsha bosi hapohapo, timu hiyo iko salama. Akisema anangoja kukuche kwanza aone bosi ameamkaje, kuna kasoro, na kasoro hiyo haiko kwa askari.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo moja. Kiongozi mzuri ni yule ambaye habari mbaya humfikia mapema, wakati bado kuna la kufanya. Wapo wakali waliofanikiwa na wapo wapole walioshindwa. Wapo wasomi na wapo walioishia darasa la saba. Lakini timu ambayo watu wake wanamficha mkubwa wao mambo sijaiona ikidumu.

Mifano mingi nimeitoa kwenye maghala ya kahawa ya Mbale, mashariki mwa Uganda, kwa kuwa ndiko nilikofanyia kazi: wabebaji, mpima unyevu, karani, dereva, akina mama wanaochambua kahawa, askari. Kama wewe unasimamia duka la vipuri Kisenyi, ofisi ya mawakala wa forodha Malaba au steji ya boda Jinja, badilisha majina ya kazi, mengine yatakufaa yalivyo.

Kabla hujaanza: jua umekabidhiwa nini

"Kuanzia leo wewe ndiye msimamizi" ni tangazo tu. Mamlaka hayamo humo. Kabla hujashika ufunguo, mwulize aliyekuteua maswali manne. Je, naweza kumpa mtu ruhusa ya siku moja bila kuuliza ofisini? Dharura ikitokea, naweza kutumia shilingi ngapi kabla ya idhini? Nani anaajiri na nani anaachisha? Nikipishana na idara nyingine, neno la mwisho ni la nani?

Majibu yaandike, kisha umtumie kwa WhatsApp au barua pepe: "Mzee, tulivyokubaliana leo ni hivi." Hakuna atakayeudhika kwa hilo, na akiudhika umepata taarifa muhimu kabla hujaingia ndani. Faida yake utaiona siku mbebaji atakapokujia asubuhi akisema mtoto ana malaria na lazima ampeleke hospitali. Mtu huyo anahitaji jibu palepale. Msimamizi ambaye kila kitu ni "ngoja niulize" anawafundisha watu wake kumruka na kwenda moja kwa moja juu.

Wiki ya kwanza: kaa na kila mtu peke yake

Usianze kwa hotuba. Watu wamezisikia nyingi, na za wasimamizi waliokutangulia bado wanazikumbuka, pamoja na yale ambayo hayakutimizwa. Anza kwa kukaa na kila mmoja kwa dakika ishirini hivi, na usimwite ofisini. Mfuate anapofanyia kazi, au mkae kwenye benchi wakati wa chai. Maswali ni matatu:

Kazi yako inaanzia wapi na inaishia wapi? Utashangaa ni wangapi hawana hakika.

Ni kitu gani kinakuchelewesha mara kwa mara? Hapa utapata hazina: mizani inayosoma vibaya, mlango unaofunguliwa na mtu mmoja tu ambaye huchelewa, magunia yanayopasuka.

Ni jambo gani humu ndani linajulikana na wote lakini wakubwa hawalijui? Hili halitajibiwa wiki ya kwanza. Liulize hivyo hivyo, na usilazimishe jibu. Umelipanda, mtu atarudi nalo katika mwezi wako wa pili kazini, pengine akiwa anafunga kamba za viatu na bila kukutazama usoni.

Andika kila ulichoambiwa. Kisha chagua kitu kimoja kidogo kinachowezekana ukitimize kabla ya Jumamosi: balbu ya chooni, glovu za wabebaji, sabuni. Usikitangaze. Watu wenyewe watajua kwamba kumwambia huyu jambo kunaleta matokeo.

Lugha, ambayo wengi huipuuza

Katika ghala moja la Mbale unaweza kukuta Mgisu, Mteso, Mganda, Mnubi na dereva kutoka ng'ambo ya mpaka. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Ila kwetu Uganda Kiswahili kina historia yake. Kwa miaka mingi kimekuwa lugha ya jeshi na polisi, na wapo wazee ambao wakikisikia kikisemwa kwa sauti ya juu wanakumbuka vizuizi vya barabarani vya miaka ya 1970. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, sikio la mtu mzima halibadilishwi na baraza la mawaziri.

Kwa hiyo angalia Kiswahili unachotumia. "Kuja hapa! Toa hii! Peleka kule!" ndicho kilichozoeleka kwenye kazi za mikono, na ndicho hicho kinachowafanya watu wainamishe vichwa na kunyamaza. Agizo lilelile likisemwa "Kaka, njoo kidogo, tuhamishe haya kabla mvua haijashuka" linafanya kazi kwa kasi ileile, na linaacha mlango wazi kwa mtu kusema, "Lakini bosi, kule kuna maji." Salamu kwanza. Msimamizi anayepita asubuhi bila kusalimu anahesabiwa, na hesabu hiyo hulipwa siku nyingine.

Mambo ya usalama na ya fedha yasemwe kwa Kiswahili kisha yarudiwe na mtu wa timu kwa lugha ya wengi waliopo. Halafu usiulize "Mmeelewa?" Jibu la swali hilo ni "Ndiyo" siku zote. Mwombe mtu mmoja akueleze yeye: "Dada, nieleze utakavyofanya lori likifika." Akikosea, uliyeshindwa kueleza ni wewe, rudia bila kukunja uso.

Kila kazi iwe na mwenyewe

Hapa sitakaa sana. Kazi ya wote haina mwenyewe. Tafuta ubao mweusi, uweke mahali ambapo kila mtu anapita, uchore safu tatu: kazi, jina, na jina la wa akiba. Kufungua ghala. Kupima unyevu. Kukagua paa na mifereji baada ya mvua. Kujaza daftari la magari. Kufunga stoo. Kila mstari jina moja. Ukiandika majina mawili kwenye kazi moja, kila mmoja atadhani mwenzake amefanya. Wa akiba anaingia mwenye kazi asipokuwepo, wala si msaidizi wake wa kila siku.

Kikao cha asubuhi

Dakika kumi, watu wamesimama, saa moja na nusu kamili asubuhi, hata kama waliofika ni wanne. Ukiwangoja wachelewaji unawaadhibu waliowahi. Kikao kina mambo matatu tu: jana ilikuwaje, leo kuna nini, na swali ambalo ndilo roho ya kikao: "Leo nini kinaweza kutuharibikia?"

Siku za mwanzo hakuna atakayejibu. Watatazama chini. Usijaze ukimya kwa maneno yako. Hesabu kimoyomoyo hadi ishirini. Kama bado kimya, taja wewe jambo moja la kweli, dogo, na ulifanyie kazi palepale mbele yao. Kufikia wiki ya tatu mazungumzo yanakuwa hivi:

"Leo nini kinaweza kutuharibikia?"

"Lori la kutoka Sironko halina turubai zuri," anasema dereva.

"Lina shimo?"

"Limepasuka pembeni, bosi. Mvua ikinyesha njiani, mzigo wa nyuma unalowa."

"Tunalo jingine?"

Karani: "Lipo stoo, lakini ufunguo anao mzee, na mzee anaingia saa tatu."

"Nani ana namba ya mzee? Mpigie sasa hivi. Na kuanzia kesho ufunguo wa pili ukae kwa karani. Mzee akifika nitamweleza mwenyewe, asisikie kwa watu."

Mazungumzo hayo ni ya dakika moja. Lakini dereva amesema jambo bila kuulizwa jina la mwenye kosa, limepatiwa dawa mbele ya wote, na mzee mwenye ufunguo hakudharauliwa. Timu yote imeona. Kesho yake atazungumza mwingine, pengine yule mama mchambuzi aliyekaa miezi bila kutoa neno.

Mambo mawili yanaua kikao hiki. La kwanza ni kukigeuza mahali pa kukaripia. Ukimtaja mtu kwa kosa pale mara moja, umefunga vinywa vya wote kwa mwezi mzima. La pili ni kukirefusha. Kikao cha dakika arobaini ni baraza, na kwenye baraza wanasema wasemaji tu.

Habari mbaya ya kwanza

Hapa ndipo uongozi unapoamuliwa. Mengine yote yaliyotangulia ni maandalizi.

Chukua mfano wa kahawa. Kahawa ya Bugisu iliyooshwa na kukaushwa, ikiwa bado na ganda lake, huhifadhiwa vizuri ikiwa na unyevu wa asilimia 12 hivi. Ikizidi hapo na kukaa imebanana, hupata joto, huota kuvu, na harufu hiyo haiondoki tena. Mnunuzi ataionja kwenye kikombe. Sasa fikiria ni msimu, ghala limejaa. Usiku mvua imenyesha. Saa kumi na mbili na robo asubuhi mpima unyevu, kijana wa miaka 22, anagundua safu ya chini upande wa ukuta imelowa. Magunia manane, labda zaidi. Na anajua jambo moja zaidi: jana jioni aliona paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, zimekwisha, akayapanga magunia hayo juu ya sakafu tupu.

Ana njia mbili. Ayageuze magunia, sehemu iliyolowa ielekee ukutani, aombe Mungu. Au akupigie simu. Atakachochagua kimeamuliwa kitambo na namna ulivyopokea kosa la mwisho la mtu mwingine.

Amekupigia. Fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Kwanza, neno lako la kwanza liwe "Ahsante kwa kuniambia mapema." Hata kama damu inachemka. Hasa ikiwa inachemka. Sauti yako ya simu itasimuliwa ghalani kabla hujafika.

Pili, shughulikia mali. Magunia yatolewe, yafunguliwe, kahawa ianikwe juu ya maturubai jua likitoka, na kila gunia lipimwe na kuandikwa namba yake. Yaliyo jirani nayo yapimwe pia, kwa kuwa maji hayafuati mstari wa mtu. Wakati huu marufuku kuuliza nani.

Tatu, mjulishe mkubwa wako ndani ya saa hiyohiyo, kwa maneno machache: kilichotokea, kilichofanyika, utakachojua kufikia jioni. Usimwambie "kijana amelaza magunia chini." Sema "magunia manane yamelowa ghalani kwangu."

Nne, mchana, mambo yakishatulia, kaa na kijana peke yake. Sasa uliza, na uulize kwa nia ya kujua. Kosa la kazini karibu siku zote ni moja ya manne: hakujua, hakuwa na vifaa, alijua akapuuza, au alikusudia ubaya. Dawa zake hazifanani. Asiyejua hufundishwa. Asiye na vifaa hapewi lawama hata kidogo. Paleti ziliisha na ubao haukuwa na mstari unaosema nani anahesabu paleti, kwa hiyo mstari huo uandikwe leo. Anayepuuza anaonywa kwa taratibu nitakazozieleza chini. Mwizi ni habari nyingine kabisa. Makosa mengi ya wasimamizi wapya huanza kwa kumtendea wa kwanza kama wa nne.

Tano, kesho yake kikaoni, eleza kilichobadilika bila kutaja jina: "Kuanzia leo hakuna gunia linalolala sakafuni. Paleti zikibaki chini ya kumi, karani aambiwe siku hiyohiyo." Kila mtu anamjua aliyehusika. Wataona pia kwamba hukumtaja.

Kuna watakaosema huu ni udhaifu, kwamba watu wa kazi lazima waogope kidogo. Nimesikia hoja hiyo mara nyingi, hasa kutoka kwa wenye mali. Woga unaleta utii unaoonekana mchana. Usiku, ghalani, mbele ya gunia lililolowa, unaleta kugeuza gunia.

Fedha na haki

Kaa wazi zaidi hapa kuliko mahali pengine popote. Timu husamehe mengi, lakini fedha isiyoeleweka haisamehewi. Nauli, vocha za simu, pesa ya chakula cha mchana, malipo ya saa za ziada: viandikwe kwenye daftari moja, kila anayepokea atie sahihi au alama ya kidole, na daftari hilo liweze kusomwa na yeyote katika timu. Ukituma malipo kwa simu, sema mapema nani anabeba gharama ya kutoa. Shilingi mia chache zimevunja urafiki wa miaka. Malipo yakichelewa, sema siku moja kabla. Kusema siku yenyewe jioni, watu wakiwa wamesimama mlangoni, ni kuwafanyia matusi.

Pia ijue sheria, angalau hii kidogo, kwa sababu watu watakuuliza wewe kabla ya kumwuliza mwanasheria. Kwa Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006, kikomo cha kawaida ni saa 48 za kazi kwa wiki, na mfanyakazi anastahili mapumziko ya saa 24 mfululizo katika kila siku saba. Saa za ziada siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, na sikukuu ya kitaifa mara mbili. Likizo ya mwaka yenye malipo ni siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi, yaani 21. Kanuni za mwaka 2011 haziruhusu mtu kuwekwa kama kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Na kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mfanyakazi huchangia asilimia 5 ya mshahara, mwajiri asilimia 10. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliwaingiza waajiri wote, hata mwenye wafanyakazi wawili.

Utajikuta pagumu hapa. Msimamizi wa ngazi ya chini anajua kwamba wabebaji wake wamekuwa vibarua kwa misimu mitatu, na si yeye aliyeamua hivyo. Usiwadanganye kwamba ni sawa. Peleka hoja juu kwa maandishi, uwaambie kwamba umeipeleka, na uwaambie jibu hata kama ni baya.

Kuonya na kuachisha

Onyo linatolewa faraghani, sifa hadharani. Hilo kila mtu analijua na wachache wanalifanya. Linalosahaulika ni taratibu. Chini ya sheria hiyohiyo, mwajiri asipochukua hatua ya nidhamu ndani ya siku 15 tangu ajue kosa, anahesabiwa kuwa ameiacha haki yake. Kwa hiyo ile tabia ya kuweka makosa ya mtu kiporo, kisha kumfungulia yote siku mliyogombana, haina adabu na haina nguvu kisheria.

Kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbovu, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, apewe nafasi ya kujitetea, na aruhusiwe kuja na mtu aliyemchagua. Msisitizo wangu uko kwenye lugha. Barua ya Kiingereza kwa mbebaji asiyesoma Kiingereza haijamweleza kitu. Ukimsimamisha wakati uchunguzi unaendelea, iwe kwa nusu mshahara na isizidi wiki nne. Kila hatua iandikwe tarehe.

Na kama baada ya yote hayo mtu hafai, aondoke. Timu inamjua mzembe kabla yako, na inakutazama ione utafanya nini. Kumvumilia mtu mmoja mwaka mzima kwa sababu ni mpwa wa mwenye ghala kunawachosha wale tisa wanaobeba mzigo wake.

Wenzako wa jana, na wazee

Ukipandishwa cheo kutoka ndani ya timu, jana mlikuwa mnakula rolex, chapati ya kukunjwa na mayai, pamoja barabarani mkimsema bosi. Leo bosi ni wewe. Watajaribu kuona kama umebadilika, na watalalamika ukibadilika au usipobadilika. Zungumza na wale wawili watatu wa karibu mapema, kila mmoja peke yake: "Ndugu yangu, urafiki wetu uko palepale. Lakini zamu na ruhusa nitazitoa kwa ubao, na ukichelewa nitakuandika kama mwingine." Kisha mwandike kweli siku ya kwanza atakapochelewa. Chai endelea kunywa nao. Kumsema mkubwa, hapo ndipo pa kuacha.

Mzee aliye chini yako ni suala la namna nyingine. Ana miaka 58, amefanya kazi hapo tangu hujazaliwa, na anajua kila tundu la paa. Usimpe agizo mbele ya vijana kabla hujalizungumza naye. Mfuate mapema: "Mzee, nafikiria kupakia tukuhamishie mlango wa nyuma. Wewe unaonaje?" Mara nyingi atakupa sababu usiyoijua; mlango wa nyuma una mteremko, lori likiwa na mzigo halipandi wakati wa matope. Akikubali, kikaoni mwache aeleze yeye. Na akikataa na bado unaona uko sahihi, mwambie faraghani kwamba umeamua na kwa nini. Anachotaka ni kusikilizwa kabla ya uamuzi. Heshima ya umri haimpi kura ya turufu, na wazee wengi wanalielewa hilo vizuri kuliko sisi.

Sifa ziende kwa nani

Wanariadha wa Kapchorwa, jirani zetu, wanafundisha jambo hapa. Machi 2017 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Kololo, Kampala. Joshua Cheptegei alikuwa akiongoza mbele ya umati wa nyumbani, kisha mzunguko wa mwisho nguvu zikamwisha, akamaliza wa 30. Miaka miwili baadaye, Aarhus nchini Denmark, yeye akawa wa kwanza, Jacob Kiplimo wa pili, na Uganda ikatwaa dhahabu ya timu ya wanaume. Watu hukumbuka mshindi. Lakini dhahabu ya timu hupatikana kwa kujumlisha nafasi za wanne wa kwanza wa kila nchi. Wa nne akimaliza nyuma sana, hesabu inaharibika, hata kama wa kwanza ameshinda.

Kila timu ya kazi ina wa nne wake. Yule mama anayechambua polepole lakini punje mbovu hazimpiti. Karani ambaye daftari lake halijawahi kupishana na mizani. Nyota ni rahisi kumsifu kwa sababu anapiga kelele. Zunguka uwatafute hawa, na sifa yako itaje kitendo: "Jana uliona namba ya lori haifanani na hati, ukalisimamisha. Umetuokolea safari ya kurudi." "Kazi nzuri, endelea hivyo" ni maneno ya kupita tu.

Kwa wakubwa wako

Beba mambo pande zote mbili bila kuyapaka rangi. Juu, peleka habari mbaya mapema kama unavyotaka uletewe wewe. Chini, usiseme "wakubwa wameamua, mimi simo." Ukishindwa kumshawishi mkubwa na amri si haramu wala hatari, itekeleze kama yako. Ikiwa ni hatari, kwa mfano kupakia lori kupita uzito, kataa kwa maandishi.

Jaribio la likizo

Kabla msimu haujashika kasi, chukua siku tano za likizo yako na uzime simu ya kazi. Wiki mbili kabla, mteue atakayekaimu, na katika wiki hizo yeye ndiye aongoze kikao cha asubuhi huku wewe ukisimama nyuma. Ubishi utakuja: atafanya mambo kwa namna yake. Mwache, isipokuwa mahali ambapo mali au mtu ataumia. Mwachie karatasi moja yenye namba za simu, mipaka ya fedha, magari yanayotarajiwa, na mambo matatu yanayokutia wasiwasi.

Ukirudi, kabla hujamwuliza yeye, soma ubao na daftari. Kama kurasa za siku hizo tano hazina tatizo hata moja lililoandikwa, usifurahi bado. Ghala la siku tano bila tatizo halipo. Kaa na kila mtu tena, mmoja mmoja, kwa maswali yaleyale matatu ya wiki ya kwanza, na uanze na askari wa usiku.